Supamaketi, duka la Kihindi na soko la vinyago: Mwongozo wa mnunuzi jijini Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Dar es Salaam, fedha ya matumizi ya nyumbani hupitia milango mingi kabla ya mwezi kwisha. Wapo wanaomaliza mahitaji yao yote katika genge la jirani, na wapo wanaodamkia Kariakoo. Makala haya yanahusu milango mitatu ambayo watu wengi wa mjini huiingia bila kuifahamu vizuri: supamaketi, maduka ya vyakula ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na masoko ya sanaa na kazi za mikono.

Milango hiyo mitatu inatofautiana katika jambo moja kubwa, nalo ni mahali bei inapotengenezwa. Katika supamaketi, bei hupangwa ofisini kabla mteja hajafika. Katika duka la Kihindi, bei hutokana na mzani, daraja la bidhaa na mazoea kati ya muuzaji na mteja. Katika soko la vinyago, bei huzaliwa palepale, kati ya watu wawili wanaozungumza. Anayejua bei imetengenezwa wapi hajui tu namna ya kuokoa shilingi zake. Anajua pia shilingi hizo zinakwenda kwa nani.

Tulikotoka

Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1990 wanaweza kudhani kuwa rafu zilizojaa bidhaa ni jambo la kawaida tangu zamani. Wazazi wao wanakumbuka mengine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya jumla na ya kuagiza bidhaa nje iliwekwa chini ya mashirika ya umma. Baadaye zikaundwa kampuni za biashara za mikoa, maarufu kwa jina la RTC. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Maduka, ambapo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu zaidi. Sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia viliadimika, na foleni zikawa sehemu ya maisha ya mjini. Nafuu ilianza kuonekana mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mageuzi ya kiuchumi ya mwaka 1986 na kuendelea yakafungua milango zaidi. Supamaketi kubwa za kisasa ni matunda ya kipindi hicho cha soko huria.

Mlango wa kwanza: Supamaketi

Supamaketi ni duka kubwa la kujihudumia. Mteja huchukua kikapu au toroli, hupita kati ya rafu, huchagua mwenyewe na kulipa mara moja anapotoka. Bei imeandikwa, haina mjadala, na kodi ya ongezeko la thamani, pale inapotozwa, imo ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Shoprite kutoka Afrika Kusini iliingia nchini. Mwaka 2006 lilifunguliwa jengo la biashara la Mlimani City, ambako duka la Game, la kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, lilipata makao. Baadaye zikaja Uchumi na Nakumatt kutoka Kenya. Wengi waliamini kwamba maduka hayo ya kigeni yangelimeza soko lote la mjini.

Mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt na kuondoka. Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt ilielemewa na madeni, ikafunga maduka yake ya hapa nchini, na Januari 2020 wadai wake nchini Kenya walipiga kura kampuni hiyo ifilisiwe. Game nayo ikafuata njia hiyo ya kuondoka mwaka 2022.

Kuondoka huko kuna somo kwa mnunuzi. Supamaketi nyingi hazilipi bidhaa zinapopokelewa. Msambazaji huleta unga, maziwa, asali au mboga, huacha ankara, kisha husubiri wiki kadhaa au miezi. Kwa maneno mengine, rafu unayoiona imejaa huwa imejazwa kwa mkopo wa watu wengine. Duka likianguka, mkopeshaji mdogo ndiye anayeumia kuliko wote. Mwenye kiwanda kikubwa anaweza kuhimili hasara hiyo, lakini kikundi cha wasindikaji wa asali hakiwezi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika kuanguka kwa Uchumi na Nakumatt, walioalikwa kwenye matanga hayo walikuwa wasambazaji.

Leo sehemu kubwa ya biashara hiyo jijini imo mikononi mwa wafanyabiashara wa hapa nchini, baadhi wakiwa na matawi machache na wengine duka moja tu. Mnunuzi anayeingia katika maduka hayo anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, linganisha bei kwa uzito wala si kwa pakiti. Watengenezaji hupunguza uzito wa pakiti bila kubadili sura yake. Chukua mfano wa sabuni ya unga. Pakiti ya gramu 900 inayouzwa Sh4,500 huonekana rahisi kuliko ya kilo moja inayouzwa Sh4,800. Ukipiga hesabu, ya kwanza ni Sh5,000 kwa kilo, hivyo ndiyo ghali. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa kazi hiyo.

Pili, soma tarehe. Bidhaa inayokaribia kwisha muda wake mara nyingi huwekwa mbele ya rafu, na iliyoingia karibuni hukaa nyuma. Punguzo kubwa la ghafla kwenye maziwa, mtindi au nyama ya kopo huwa na sababu, na sababu hiyo kwa kawaida imechapishwa kwenye kifungashio. Si kosa kununua bidhaa ya namna hiyo, mradi utaitumia kabla ya siku yake.

Tatu, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia usalama wa chakula na vipodozi lilihamishiwa katika shirika hilo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Malalamiko kuhusu chakula kibovu yapelekwe huko.

Nne, angalia tarakimu za mwanzo za msimbo wa mistari. Namba zinazoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2011. Zile za Kenya huanza na 616, na za India na 890. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba bidhaa ilizalishwa katika nchi hiyo, kwani zinaonyesha tu mahali mwenye chapa alipojisajili. Hata hivyo, kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa, msindikaji wa Kitanzania aliyetaka kuuza katika supamaketi alilazimika kutafuta namba katika nchi nyingine. Tarakimu hizo tatu ndogo zina historia yake.

Tano, dai risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi na uikague kabla hujaondoka. Bei iliyobandikwa kwenye rafu na ile iliyomo katika kompyuta ya keshia wakati mwingine hazilingani, hasa siku za punguzo. Risiti ndiyo ushahidi wako ukitaka kurudisha bidhaa au kulalamika kwa Tume ya Ushindani, chombo kinachosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pia inamlinda mlaji.

Sita, nenda na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Mfuko mbadala huuzwa, na gharama yake ndogo ndogo mwisho wa mwaka hutosha kununulia kikapu kizuri cha ukili.

Mlango wa pili: Duka la Kihindi

Katikati ya jiji, kuanzia Kisutu hadi Upanga, yako maduka ambayo wenyeji huyaita kwa jina moja tu, duka la Kihindi. Wenye maduka hayo wengi ni Watanzania wenye asili ya Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, ambao babu zao walivuka bahari vizazi kadhaa vilivyopita. Mitaa hiyo ina misikiti ya Ithnaasheri, Bohora na Ismailia, na mahekalu ya Kihindu katika Mtaa wa Kisutu. Karibu na hapo lipo Soko la Kisutu, ambalo katika miaka ya karibuni limejengwa upya kuwa la ghorofa.

Maduka haya yamepita katika misukosuko mingi kuliko supamaketi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha, na familia nyingi za Kiasia zikahama nchi. Zikaja foleni za miaka ya 1980, kisha soko huria, kisha ushindani wa maduka makubwa ya kigeni. Baadhi ya maduka hayo madogo yangalipo hadi leo. Siri yake haifichiki: hesabu ya stoo inajulikana kwa mwenye duka mwenyewe, kodi ya pango haimlemei kama ile ya jengo la kisasa la biashara, na mteja anajulikana kwa jina.

Kinachomkwamisha mgeni katika duka la Kihindi ni majina. Pakiti nyingi zimeandikwa majina ya Kihindi au Kigujarati kwa herufi za Kirumi, na mtu hupita mbele ya kitu anachokijua vizuri bila kukitambua. Yafuatayo ni machache ya kukumbuka.

Katika jamii ya kunde, tuvar ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mung ni choroko. Chana ni dengu, na besan ni unga wa dengu unaotumika kutengenezea bajia. Masoor ni adesi. Urad ni jamii ya choroko nyeusi ambayo ndani ni nyeupe.

Katika viungo, jeera ni binzari nyembamba, ambayo Zanzibar huitwa uzile. Haldi ni manjano. Hapa pana mtego wa lugha yetu wenyewe: mtu wa bara akisema binzari peke yake huenda anakusudia manjano, na mtu wa Unguja akisema bizari huenda anakusudia kiungo kingine. Taja jina kamili dukani ili pilau isigeuke rangi. Dhana ni giligilani kavu, methi ni uwatu, elchi ni iliki na hing ni mvuje, ule utomvu wenye harufu kali unaotiwa kidogo sana katika mboga za jamii ya kunde. Samli huandikwa ghee. Atta ni unga wa ngano nzima, unaofaa kwa chapati laini zisizo na mafuta mengi.

Kanuni ya kwanza ya kununua viungo ni kununua vizima. Kiungo kilichosagwa hupoteza harufu haraka, na ni rahisi kukichanganya na unga au rangi bila mnunuzi kutambua. Binzari nyembamba ikaangwe kidogo nyumbani bila mafuta, kisha itwangwe. Nunua robo kilo ya kila kimoja, usinunue kilo, kwa kuwa kiungo kilichokaa mwaka mzima kabatini ni vumbi tu.

Kanuni ya pili ni kuuliza daraja. Mwenye duka la namna hii huwa na mchele wa basmati wa aina tatu au nne, iliki ndogo na kubwa, na mdalasini wa magome mazito na mwembamba. Asiyeuliza hupewa wa kati. Anayeuliza huonyeshwa tofauti, huruhusiwa kunusa, na mara nyingi huambiwa ukweli kwamba kwa pilau ya kawaida hahitaji ule wa bei ya juu. Mchele wa Kyela au wa Morogoro una harufu na ladha yake, na kwa wali wa nazi hauna haja ya kushindana na basmati.

Kanuni ya tatu ni kuangalia mzani. Hakikisha unaanza na sifuri kabla bidhaa haijawekwa, na uwe na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Jambo hili linahusu maduka yote.

Ukishika pakiti ya tuvar, msomaji, umeshika pia habari ya wakulima wa kwetu. Mbaazi hulimwa kwa wingi Lindi, Mtwara, Manyara na Arusha, na soko lake kubwa la nje ni India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo ili kuwalinda wakulima wake. Habari hiyo ilipofika Lindi na Mtwara, bei ilianguka vibaya mno, na wakulima wakabaki na magunia ndani wasijue wampelekee nani. Wakati huo mjini zao hilohilo, likiwa limekobolewa na kufungwa vizuri, liliendelea kuuzwa kama chakula cha Kihindi. Swali la kumuuliza mwenye duka ni moja: mbaazi hizi zimekobolewa wapi? Zipo zinazokobolewa hapahapa nchini, na anayezichagua humfungulia mkulima soko ambalo amri ya serikali ya mbali haiwezi kulifunga.

Maduka ya vyakula vya Asia siku hizi hayaishii kwa Wahindi. Yameongezeka pia yanayouza vyakula vya Kichina, kama mchuzi wa soya, tambi za mchele, tofu na uyoga mkavu. Tahadhari hapa ni lebo. Kama maelezo yote yameandikwa kwa lugha usiyoisoma, huwezi kujua viambato wala tarehe ya mwisho, na mwenye mzio wa karanga au soya anahatarisha afya yake. Chagua pakiti yenye maelezo ya Kiswahili au Kiingereza.

Mlango wa tatu: Soko la vinyago na sanaa

Wengi wetu huamini kwamba soko la vinyago ni la watalii. Imani hiyo ndiyo inayofanya zawadi ya harusi ya Kitanzania iwe seti ya glasi kutoka ng'ambo, huku mchongaji wa Mwenge akimsubiri mgeni ambaye huenda asije mwaka huo. Mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masoko ya sanaa yaliona wazi ubaya wa kumtegemea mteja anayetoka mbali peke yake.

Historia ya sanaa hizi imefungamana na ile milango miwili tuliyoipita. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara mwenye asili ya Asia, Mohamed Peera, alikuwa na duka la vinyago jijini Dar es Salaam. Ndiye anayehusishwa na kuibuka kwa mtindo wa shetani, akishirikiana na mchongaji Samaki Likankoa. Wachongaji wengi wa Kimakonde wa wakati huo walikuwa wametoka uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji, wakavuka Mto Ruvuma kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge.

Kadhalika, mnamo mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao laini. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka la vyakula la Oysterbay ambako wateja wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na ulianzia kwenye baraza ya duka la vyakula.

Kijiji cha vinyago cha Mwenge, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, ndiko mnunuzi anakoweza kuwaona wachongaji wakiwa kazini. Mitindo mikuu ya Kimakonde ni mitatu. Ujamaa ni nguzo ya watu waliobebana, mara nyingi vizazi vya ukoo mmoja, na mwanzo wake unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Shetani ni viumbe vya ajabu, vyenye jicho moja au viungo vilivyopindana. Binadamu ni watu katika shughuli zao za kila siku, kama mama anayetwanga au mzee anayevuta kiko.

Mti wa asili wa vinyago hivyo ni mpingo. Kiini chake ni cheusi, na ganda lake la nje ni la rangi ya maziwa iliyoiva kidogo. Wapo wauzaji wanaopaka rangi ya viatu mti mwingine na kuuita mpingo. Kuna njia nne za kutambua. Pima uzito mkononi, kwani mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia na huzama majini. Futa kinyago kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka cheusi, shuku. Geuza kinyago utazame chini, mahali ambapo mpakaji huwa hana haraka ya kupafikia. Mwisho, tafuta mabaki ya ganda la rangi ya maziwa, ambayo wachongaji wengi huyaacha makusudi. Ukishakinunua, usikiweke juani wala mbele ya kiyoyozi, kwa kuwa kitapasuka.

Mpingo hukua polepole sana, na mti unaokatwa leo ulianza kuota miongo mingi iliyopita. Wilayani Kilwa, vijiji vinavyosimamia misitu yake vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, kinachothibitisha kwamba uvunaji hauangamizi msitu. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa masharti hayo kwa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wake kwa shehena moja hauzidi kilo 10. Pembe za ndovu na magamba ya kasa ni habari nyingine: usinunue, hata ukiambiwa ni vya zamani.

Kwa bidhaa nyingine, vipimo ni rahisi. Batiki ya kweli ina rangi inayokaribia kulingana pande zote mbili, wakati kitambaa kilichochapwa mashine hupauka upande wa nyuma. Kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu huwa kimebana kiasi kwamba ukikiinua juani mwanga haupenyi ovyo. Mkeka mzuri wa ukindu hauachi nyuzi mkononi unapoupapasa.

Namna ya kupatana bei

Kupatana bei ni mazungumzo yenye adabu zake. Salimia kwanza, na kama mchongaji ni mtu mzima, shikamoo haipunguzi kitu mfukoni. Uliza nani aliyechonga na ilimchukua siku ngapi. Majibu hayo yatakueleza kama unaongea na fundi au na mchuuzi, na yatakupa msingi wa kutaja bei.

Usifuate kanuni ya kukata nusu ya bei unayoambiwa. Ndani ya bei ya kinyago kuna gogo, siku za kazi, msasa, kodi ya kibanda, na wakati mwingine kamisheni ya dereva au dalali aliyemleta mteja. Ukienda peke yako, mwishoni mwa wiki asubuhi, gharama hiyo ya mwisho haipo, na una haki ya kuomba iondolewe. Kazi ya mikono ya fundi usiombe iondolewe.

Sheria moja haivunjwi. Ukitaja bei mwenyewe na muuzaji akaikubali, umeshanunua. Kuondoka baada ya hapo ni utovu wa adabu, na habari zake husambaa kibanda hadi kibanda. Kama huna nia ya kununua, usitaje bei. Biashara haigombi, lakini ina kumbukumbu.

Amri ya mwaka 2025

Milango yote mitatu iliguswa na amri ya serikali ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla, pamoja na uendeshaji wa maduka ya vinyago na kumbukumbu. Ni muhimu kuelewa kuwa amri hiyo inahusu uraia, wala haihusu asili ya mtu. Mtanzania mwenye asili ya India anayeuza mchele Kisutu ni mwenye duka kama mwenye duka mwingine yeyote.

Wapi ununue nini

Kwa muhtasari, supamaketi inafaa kwa vitu ambavyo ubora wake hautofautiani kati ya duka na duka: sabuni, dawa ya meno, karatasi za chooni, maziwa ya pakiti, na bidhaa zinazohitaji jokofu lisilozimika. Duka la Kihindi linafaa kwa viungo, jamii ya kunde, mchele wa shughuli, samli na unga wa aina mbalimbali, kwa kuwa bidhaa hizo huuzika haraka huko na hazikai. Soko la sanaa linafaa kwa zawadi, viti, vikapu, mikeka, vyombo vya mbao na mapambo ya nyumba.

Wapo watakaosema kuwa kuzunguka maduka matatu ni kupoteza nauli. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kitu kimoja kimoja. Lakini mwenye orodha iliyopangwa kwa mwezi mzima huenda supamaketi mara moja, Kisutu mara moja, na Mwenge pale tu anapoalikwa harusini. Asiye na orodha hununua viungo vya gramu 50 kwenye rafu ya supamaketi, ambako bei ya kilo huwa juu mno, kisha hulalamika kwamba maisha yamepanda.

Cha rahisi huvunja upishi, walisema wazee wetu. Methali hiyo haiwaambii watu wakimbilie cha ghali. Inawataka wajue wanachonunua, kimetoka wapi, na nani aliyelipwa. Supamaketi za kigeni zilizokuja na taa nyingi zilifunga milango zikiwa hazijapata jibu la swali hilo la mwisho. Duka la Kisutu na kibanda cha Mwenge hulijibu kila siku, kwa sababu mwenye mali amesimama mbele yako.